Sanda ya Uzi Mwekundu
(Sehemu ya Kumi na Nne)

Wiki nzima tumemsimamisha Bi Bahiya kwenye kizingiti, na miguu yake, kama mjuavyo, haistahamili hata robo saa. Tumwingize ndani, jamani, kabla hajatupa laana.

"Hiyo nguo alovaa huyo mwari," alisema, "imetoka ndani ya sanduku langu."

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeulizia bei ya muhogo sokoni. Lakini katika nyumba ile ya mtaani Malindi, mahali pa kupigia picha mchezo, hata fundi wa taa akabaki ameshika waya mkononi.

Shahida, yule msichana mwigizaji, alikuwa amesimama chini ya ngazi. Uso wote umepakwa poda ya watoto, mwili umezungushiwa bafta nyeupe kutoka utosini hadi vidoleni. Aliyemzungushia ni Hisham, mchoraji wetu, mtoto wa Bi Bahiya. Sasa alitamani ardhi ipasuke aingie.

Kwa aliyetupotea wiki mbili tatu, nimkumbushe haraka. Hisham ana kitabu chake cha katuni, "Mzuka wa Ngazi ya Tatu". Ndani yake mwanamke aliyekufa hurudi kwa mama yake kila magharibi kuomba radhi. Akifika ngazi ya tatu hawezi kupanda tena, kwa kuwa mama mwenyewe, anayeitwa Bi Jiwe, amekataa kumsamehe. Miaka minne sasa watoto wanakisoma wamekificha ndani ya madaftari ya hesabu. Mwaka huu wa 1996 kituo kipya cha televisheni cha Dar es Salaam kimekipenda, kikamleta mwongozaji wake, Miraji, kuja kukigeuza mchezo wa kuigiza.

Miaka yote hiyo Hisham alisalimika kwa jambo moja. Mama yake amehitimu msahafu, na barua zake huandika kwa herufi za Kiarabu, lakini hizi herufi za Kizungu hazijui. Kitabu kilikaa juu ya meza ya ukumbini kwake. Alikifuta vumbi, akatazama jalada tu lenye mzuka, akaambiwa ni hadithi ya jini, akasema, "Mashaallah, mwanangu ana mkono," akakirudisha mahali pake. Televisheni lakini haimtaki mtu ajue kusoma. Inataka macho tu.

Na hiyo nguo? Asubuhi Hisham aliingia chumbani kwa mama yake, akafungua sanduku la mkangazi, akatoa bunda jeupe akijua ni ihramu ya marehemu baba yake, Mzee Zahor. Nguo nyeupe, haina mshono, imetoka Makka, imekoshwa kwa maji ya zamzam: ihramu iko hivyo na sanda iko hivyo hivyo. Angeuliza angeambiwa kwamba baba yake alizikwa na ihramu yake. Hakuuliza. Na siku ya maziko yale hakuwepo, alikuwa Dar es Salaam anachora.

"Mama," akaanza.

Hakupata kuendelea, kwani Miraji alikuja mbio kutoka nyuma ya kamera, mikono miwili imenyooka kama anayempokea mgeni bandarini.

Mjue kwamba Miraji alikuwa amepata hasara asubuhi ile. Mama mmoja wa Jang'ombe, ambaye ndiye angekuwa Bi Jiwe, alipoiona tu sanda alisema, "Mimi sijitabirii mauti," akachukua mkoba wake akaenda zake. Tangu saa tatu Miraji anatafuta mwanamke mtu mzima wa kuziba nafasi. Sasa mbele yake kasimama mmoja, mrefu, baibui la zamani, uso umekunjwa.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba."

"Nani kakuleta? Hisham, ni wewe? Mungu akubariki! Sura yenyewe ndiyo hii!" Akamshika Bi Bahiya mkono. "Umeshaelezwa kazi?"

"Sijaelezwa kitu."

"Basi ni rahisi. Wewe ni Bi Jiwe."

Nje ya mlango walikuwapo watoto, wamejazana tangu asubuhi wakichungulia kwenye nyufa. Waliposikia jina hilo wakalipuka. "Bi Jiwe! Bi Jiwe kaingia!" Sauti ya msichana mmoja ikawapita wote, nyembamba, imejaa kicheko. "Bi Jiwe, toa radhi! Bi Jiwe, toa radhi!"

Bi Bahiya akageuza kichwa. Jina lile halikuwa geni kwake. Mwaka wa tatu huu, akipita mtaani Kiponda na mwavuli wake, watoto humwita hivyo halafu wakakimbia. Aliwahi kumuuliza mwanawe maana yake, na mwanawe akamjibu, "Watoto tu hao, mama, wasikushughulishe."

"Huyo Bi Jiwe ndo nani?" akauliza.

Hapo Hisham alikuwa na nafasi. Maneno yenyewe yalikuwa manne: huyu ni mama yangu. Angeyasema, Miraji angeomba radhi, taa zingezimwa, na mimi nisingekuwa na cha kuwaandikia leo. Lakini ulimi wa Hisham, tangu utoto wake, huwa mzito pale pale unapotakiwa. 

"Bi Jiwe ni mama mwenye roho ngumu," Miraji akaeleza kwa furaha. "Binti yake kaolewa na mvuvi, wazee hawataki. Siku moja binti karudi, mja mzito, anaomba radhi. Kafika ngazi ya tatu tu, mama yuko juu, akamwambia usipande. Binti kaondoka, kafa. Sasa ndo anarudi mzuka."

"Ngazi ya tatu," alisema Bi Bahiya.

"Ya tatu. Kwenye kitabu hadithi inakwenda hivyo hivyo, haina mwisho. Wakubwa wangu kule kituoni hawataki. Wanasema watazamaji hawawezi kulala na jambo lisilokwisha. Kwa hiyo leo mzuka anavuka ngazi ya tatu, anapanda mpaka juu, anakukaba koo unakufa."

"Ananikaba mimi."

"Kabisa! Na watu nchi nzima watapiga makofi."

Bi Bahiya akamtazama Hisham. Hakumtazama kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alimtazama kama anayejaribu kukumbuka alimwona wapi mtu huyu.

Watu waliokuwa wakijua habari ya ngazi ya tatu walikuwa watatu tu duniani. Wa kwanza ni Reem, binti yake mkubwa, ambaye yuko chini ya mchanga wa Mkokotoni, kijijini kwa mumewe, mwaka wa kumi na tano sasa. Wa pili ni Bi Bahiya mwenyewe. Wa tatu ni kijana wa miaka kumi na tano aliyekuwa nyuma ya mlango wa juu siku ile, akachungulia, akasikia mama yake akisema "Usipande!", kisha akajitia vidole masikioni.

"Nionyeshe pa kusimama," alisema Bi Bahiya.

"Mama, usi..." Hisham alitamka mwishowe.

"Nimesema nionyeshwe."

Akapanda, ngazi moja baada ya nyengine, anashika ukuta, anapumzika. Juu kabisa palikuwa na mtungi uliowekwa kwa ajili ya mchezo, na bilauri juu ya kifuniko. Akasimama ubavuni mwa mtungi ule. Hakuna aliyemwambia asimame hapo, lakini hapo ndipo alipokuwa amesimama siku ile, nyumbani kwake.

"Kamera!" alisema Miraji. "Shahida, taratibu. Moja. Mbili. Tatu. Simama."

Shahida akasimama kwenye ngazi ya tatu, akainua uso wake mweupe. Alikuwa msichana hodari. Maneno yake aliyajua kama alhamdu. "Mama! Kaburi limenikataa, ardhi imenitema! Nipe radhi yako, mama, nikalale na waja wa Mungu!"

 Ilikuwa zamu ya Bi Jiwe kusema "Rudi ulikotoka!" lakini maneno hayo alikuwa bado hajafundishwa.

"Sivyo alivyosema," alisema Bi Bahiya.

Shahida akamtazama Miraji. Miraji akanyanyua kidole: endelea, usiharibu.

"Alisemaje, bibi?" Shahida akauliza.

"Radhi hakuitaja. Alisema, 'Mama, nnaona kiu.' Alikuwa kashuka gari Darajani, kaja kwa miguu, jua la saa saba, mimba ya miezi minane. Alisema, 'Nnaona kiu, nipe maji nende zangu.' Na mtungi ulikuwa hapa, kama huu. Maji ya baridi, nishayafukiza kwa ubani. Nkamwambia, kanywe kwa mumeo."

Hisham alishika nguzo ya ngazi. Hayo hakuyasikia, alikuwa na vidole masikioni. Miaka minne amekuwa akimtilia dada yake maneno makubwa makubwa mdomoni, makaburi na ardhi na waja wa Mungu, na watu wakamsifu kwa kalamu yake. Kumbe Reem aliomba maji.

"Mama," alisema.

"Nyamaza. Wewe ushasema miaka minne. Leo niache niseme mimi."

Ndipo Miraji alipofahamu. Nilimwona mimi, wasomaji wangu, jinsi uso ulivyomshuka. Alimtazama mama, akamtazama mwana, akaweka mkono kwenye bega la mpiga picha. Mngedhani anamwambia azime. Alikuwa anamwambia asithubutu kuzima.

"Mwari, jina lako nani?"

"Shahida, bibi. Wa Mkokotoni."

Kusikia jina la Mkokotoni, Bi Bahiya alifumba macho kidogo. "Umesoma msahafu chuoni?"

"Nshahitimu, bibi."

"Tazama pembe ya nguo yako, hapo begani kushoto. Pana uzi mwekundu. Nisomee."

Shahida akaivuta pembe, akaisogeza kwenye taa. Herufi zilikuwa ndogo, zimeshonwa na mkono usioona vizuri.

"Ra," akasoma. "Ya. Mim." Akanyamaza. Halafu akasema kwa sauti yake mwenyewe, si ile ya mzuka, "Reem."

"Yangu ina uzi wa kijani," alisema Bi Bahiya. "Mwaka tulohiji mimi na marehemu Zahor, Reem alikuwa keshakufa mwaka wa tano. Muuza sanda kule Makka akaniuliza ngapi. Nkamwambia mbili. Zahor akanambia, 'Una wazimu wewe? Maiti havishwi mara mbili.' Nkamwambia najua. Nilijua, Hisham. Lakini sikuwa na kitu chengine cha kumnunulia mwanangu. Watu wananunua zawadi, vitambaa, tende, tasbihi. Mimi kwa mwanangu nifanyeje?"

Akashika mdomo wa mtungi.

"Siku alozikwa hata kitambaa sikupeleka. Sanda yake walinunua wao, wakwe. Basi hii nliikosha kwa zamzam, nkairudisha, nkaishona jina, na kila Ijumaa huitoa nkaifukiza udi. Leo Ijumaa. Nimefungua sanduku, haimo. Jirani akanambia, 'Hisham katoka na bunda jeupe, kaelekea Malindi.' Sasa nijibu wewe unojua kuandika. Nani humnunulia sanda mtu asiyemsamehe?"

Hisham alilia. Mwanamume wa miaka thalathini, mbele ya mafundi wa taa na mpiga picha wa Bara, alilia mpaka mabega yakamtikisika. Simlaumu. Na asiyelia hapo basi huenda jiwe ni yeye.

"Radhi nlimpa siku ile ile ilokuja khabari ya kifo," Bi Bahiya aliendelea. "Nlifunga mlango, nkasema kwa ulimi wangu mara tatu. Lakini radhi ya mlango umefungwa nani ataisikia? Baba'ko hakutaka jina lake litajwe nyumbani. Hata wewe hukuisikia, ulolala chumba cha pili. Ukanichora jiwe."

Akainama mtungini, akajaza bilauri. Maji mengine yakamwagika kwenye baibui. Akaanza kushuka. Hakuna aliyethubutu kumshika. Alishuka mpaka ngazi ya nne, akamnyooshea Shahida bilauri.

"Kunywa, mwanangu."

Shahida akanywa. Machozi yalikuwa yameshachora mifereji miwili kwenye poda. Akanywa yote, kwa kuwa aliona kwamba asipomaliza bibi huyu ataanguka.

"Radhi zangu ziko juu yako, Reem," alisema Bi Bahiya. "Duniani na akhera. Samahani kwa maji."

Ningekomea hapa, wallahi, sote tungelala. Mama katoa radhi, mwana kalia, mzuka kanywa maji. Lakini mnakumbuka nilichowaambia tangu sehemu ya pili? Kwamba Hisham kachora kila kitu cha habari ile isipokuwa kimoja. Wasomaji wake kutoka Tanga mpaka Songea wamemwandikia barua wakiuliza: mwanamke alikufa mja mzito, mbona mzuka wake mikono mitupu? Mtoto yuko wapi? Hisham hakujibu hata barua moja.

Shahida alikuwa bado ameshika bilauri tupu.

"Bibi," alisema, "niwie radhi nikuulize. Reem binti Zahor? Mkewe Mkadam, mvuvi wa Mkokotoni?"

"Ndiye. Umemjuaje?"

"Kaburi lake liko karibu na kwetu. Kila Shaaban huenda kulifyeka, mimi na mwanawe."

Hisham alifumba macho.

"Mwanawe nani?" aliuliza Bi Bahiya.

"Mwanawe Reem, bibi. Nimemsomesha mimi chuoni, tangu alifu."

"Mtoto alikufa." Bi Bahiya alisema taratibu, kama anayemsahihisha mtoto anayekosea aya. "Mama na mtoto wamekufa wote wawili. Khabari iliyokuja ilikuwa hiyo."

"Nani alokwambia hivyo, bibi?"

 Shingo ya Bi Bahiya iligeuka yenyewe, polepole, mpaka macho yakatua kwa Hisham.

Sasa na tuseme ilivyokuwa, maana Hisham mwenyewe alichukua muda kuyatoa, na aliyatoa vipande vipande. Siku ilipokuja habari ya kifo, mlango uliogongwa aliufungua yeye. Alikuwa mkunga mmoja wa Mkokotoni, Bi Biasha, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Mwambie mama'ko Reem katangulia mbele ya haki. Mtoto yuko hai, wa kike. Mama aje amzike mwanawe na amwone mjukuu wake. Tunamsubiri mpaka alasiri." Nyuma ya Hisham alikuwa amesimama Mzee Zahor. Akamfungia mkunga mlango, akamwambia mwanawe kwa sauti ya chini, "Mtoto wa mvuvi haingii humu. Panda umwambie mama'ko wamekufa wote wawili, na maziko yamekwisha."

Hisham akapanda. Akasema. Kule Mkokotoni wakasubiri mpaka alasiri, kisha mpaka magharibi. Mkadam akaapa kwamba watu wale hatawabishia mlango tena maisha yake.

"Baba alinambia niseme, mama," alisema Hisham.

"Baba'ko kafa lini?"

"Miaka sita, mama."

"Na miaka sita hiyo ulikuwa unamwogopa nani?"

 Swali hilo nimelizungusha kichwani kwa niaba yake wiki nzima. Alikuwa anaogopa kuonekana. Akachukua kalamu, akatafuta mtu wa kumtwika mzigo ule, akamwona mama yake yuko karibu. Ndiyo yote.

Bi Bahiya akaketi kwenye ngazi. Alionekana amechoka kama mtu aliyetembea tangu mwaka ule hadi leo bila ya kupumzika.

"Anaitwa nani?" alimuuliza Shahida.

Shahida akaisogeza sanda begani.

"Mjukuu wangu. Jina lake nani?"

"Bahiya," alisema Shahida. "Mama'ke ndo alosema kabla hajakata roho. Alisema akiwa wa kike aitwe jina la mama'ngu."

Bibi yule hakulia kwa sauti. Alichukua pembe ya sanda iliyokuwa ikining'inia begani mwa Shahida, ile yenye uzi mwekundu, akajifutia uso. Kisha akaibusu. Mpiga picha aliondoa jicho kwenye kamera na kujifanya anatafuta kitu mfukoni, na kamera ikaendelea peke yake.

Hisham akasogea. Alipanda ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama," alisema. "Radhi."

Mimi nilijua mahali alipopiga magoti, na nyinyi mmejua. Sidhani kama yeye alijua.

 Bi Bahiya alinyanyua mkono, na Hisham akainamisha kichwa, akidhani utatua utosini mwake kama alipokuwa mdogo. Mkono ukampita. Ulikwenda kuchukua bilauri kwa Shahida.

"Panda unijazie maji," alimwambia. "Kisha unipishe. Nnakwenda Mkokotoni."

Hisham akapanda mbio, akajaza, akashuka, akampa kwa mikono miwili. Bi Bahiya akainuka, akampita kwenye ngazi ya tatu. Radhi hakumpa, wala hakumnyima. Alimwacha pale pale.

"Mama, subiri!" Miraji alisema. Sauti yake haikuwa na ubwana tena. "Mkanda huu... mimi siuonyeshi bila ya ruhusa yako. Lakini ukiniruhusu, nchi nzima itajua kwamba Bi Jiwe si jiwe. Hayo ya kukabana nitawaambia wakubwa wayakabe wenyewe."

"Kwanza na ajue mmoja," alisema Bi Bahiya. "Hao wengine baadaye."

Alikuwa ameshafika mlangoni, bilauri mkononi, wakati Shahida alipomkimbilia. Sanda ilimkwama miguuni, akajikwaa, akamshika bibi mkono.

"Bibi, usitoke! Usitoke kwanza, nna neno."

"Sema."

"Yule mtoto..." Shahida alitazama chini. "Anakisoma kitabu cha Hisham. Kila toleo. Hukikata kurasa akazibandika ukutani. Hajui kuwa ni khabari ya mama'ke, baba'ke hakumwambia kitu ila jina. Na bibi, duniani hapa hakuna mtu anayemchukia kama Bi Jiwe."

"Nitamweleza. Gari za Mkokotoni zinaondoka saa ngapi?"

"Huna haja ya gari, bibi." Shahida hakuuachia mkono wake. "Leo nimekuja naye mjini. Kanililia wiki nzima anataka kuona mchezo unavyopigwa picha. Nilimwambia asubiri nje, na watoto wenzake."

Watu wote wakasikia kwa pamoja kile ambacho kilikuwa kikisikika muda wote, kutoka upande wa pili wa mlango: ile sauti nyembamba ya msichana inayowaongoza wenziwe, imejaa kicheko, haijachoka tangu ilipoanza.

"Bi Jiwe, toa radhi! Bi Jiwe, toa radhi!"

Hisham alisema, "Mama, wacha nitoke mimi kwanza."

Lakini Bi Bahiya alikuwa ameshanyanyua komeo.

Mwangaza wa mchana ukaingia wote kwa mara moja. Watoto wakarudi nyuma wakisukumana, isipokuwa mmoja aliyekuwa mbele kabisa, katuni imekunjwa mkononi kama rungu. Miaka kumi na tano, ushungi umemteleza, kidevu juu. Kidevu cha Reem. Macho ya Reem. Hata ule upungufu wa subira mdomoni ulikuwa wa Reem.

Alimtazama bibi kizee aliyesimama mlangoni, akaona uso ule mkavu ambao amebandika ukutani kwake mara arubaini, na kicheko kikamkatika. Akarudi hatua moja.

"Nnaona una kiu, mwanangu," alisema Bi Bahiya, na akamnyooshea bilauri.